Viganja Saba vya Saluha

Kaka yangu Bulbaba alikuwa na mkono mzuri sana wa kuandika jina lake. Nasema hivyo bila kejeli, au kwa kejeli kidogo tu. Kila asubuhi, kabla hajaenda mkahawani, aliketi kwenye meza ya duka letu hapa Jara, mtaa wa soko mjini Gabes, akapanga vioo vitupu mbele yake kama mtu anayegawa karata, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi, akaandika pembeni, chini kabisa: Bulbaba bin Farhat, fundi, Gabes. Aliandika kinyumenyume, kwa sababu picha zetu huchorwa nyuma ya kioo na hutazamwa kwa mbele. Herufi zilitoka zimenyooka, mkia wa ile ya mwisho umepinda vizuri. Akimaliza alinawa mikono, akavaa kofia yake nyekundu, akaenda zake. Vile vioo vyenye jina pembeni na utupu kwingine kote alimwachia mke wake, Saluha, achore yaliyobaki.

Yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa picha. Farasi, mapanga, maarusi juu ya ngamia, merikebu, simba waliofungwa minyororo, yote yalitoka kwenye vidole vya wifi yangu kwa muda wa miaka ishirini na sita. Watu walinunua, wakatundika vyumbani mwa mabinti zao, wakasema: Mungu amhifadhi Fundi Bulbaba. Na Fundi Bulbaba alipokea salamu zote hizo akiwa mkahawani, na karata mkononi.

Mimi ni Manubiya, dada yake. Niliachwa mjane mapema nikarudi nyumbani, na kazi yangu dukani ni kutia fremu. Nasafisha kioo, naweka kadibodi nyuma, napigilia misumari. Basi hakuna picha iliyotoka pale bila kupita mikononi mwangu, na hakuna aliyejua zaidi yangu nani alichora na nani hakuchora. Nilinyamaza miaka yote hiyo. Nitasema ukweli: nilinyamaza kwa sababu lilikuwa jina la baba yetu pia.

Lazima ujue jinsi kazi hii inavyokwenda, la sivyo hutaelewa alichofanya Saluha. Anayechora kwenye karatasi huanza na anga, akaja kwenye nyumba, akamalizia na mboni ya jicho, halafu ndipo akaweka sahihi. Kwetu ni kinyume. Kilicho mbele kabisa machoni pa mtazamaji ndicho huwekwa kwanza: sahihi, mboni, kope, mistari ya hina. Juu yake ngozi. Kisha nguo. Anga huja mwisho, na likishawekwa, huku nyuma unapofanyia kazi huoni kitu ila rangi moja tupu. Jicho ulilolikosea asubuhi limefunikwa, na kulifikia ni kukwangua anga, kukwangua ngozi, na kubaki huna uso.

Baba yetu, Fundi Farhat, alimfundisha Bulbaba kwanza, kama ilivyo ada. Masomo yalidumu mwezi mmoja. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua: mara brashi ni mbovu, mara rangi imeganda, mara mwanga ni mdogo. Mimi nilijaribu kwa siri, mkono wangu mzito, nikachora ngamia mwenye sura ya mpwa wetu. Halafu Saluha akaja kuolewa kutoka Shenini, kwenye mashamba ya hina, ana miaka kumi na minane, kucha zake tayari nyekundu. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kufa. Alihitaji mtu wa kumsaidia kuona mstari, na bibi arusi alikuwa karibu.

Picha ya kwanza ya Saluha ilikuwa mpanda farasi mwenye upanga. Baba aliileta puani kabisa, akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia.

"Mwanangu," akamwambia, "huyu bwana na kula anakula kwa kushoto?"

Saluha alikuwa amesahau kwamba kioo kikigeuzwa, mkono wa kulia huwa wa kushoto. Kila anayeanza kazi hii hukosea hivyo mara moja. Wengi hulia. Saluha alikitazama kioo kidogo, akasema, "Hapana, Baba. Adui yake ndiye aliyekuja kwa upande usiotarajiwa."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo alimfundisha yeye, kwa sauti na kwa kumshika kiganja, miaka minne, mpaka giza lilipofunga kabisa. Lakini jina lililowekwa pembeni baada ya Baba kufa lilikuwa la mwanawe wa kiume. Hakuna aliyeuliza. Hata Saluha hakuuliza wakati ule, ana mtoto wa kwanza, Habiba, mgongoni na mwingine tumboni.

Mambo yalibadilika mwaka ilipojengwa maktaba ya watoto nyuma ya soko la hina. Mwanamke mmoja kijana, Rawdha, aliyeletwa kutoka Tunis kuiongoza, alikuja dukani akitaka picha saba za kutundika ukumbini. Siku hiyo kwa bahati Bulbaba alikuwepo.

"Nataka kuwafundisha watoto rangi," Rawdha akasema. "Kila rangi iwe mwanamke wa hadithi. Si wa kwetu tu, wa dunia nzima. Kila mahali watu wana mwanamke wa moto, mwanamke wa mbingu, mwanamke wa usiku. Mtoto akiuliza bluu ni nini, aoneshwe mama wa mbingu."

"Umefika penyewe," kaka yangu akasema, mkono kifuani. "Mkono huu umechora ukoo mzima wa Gabes."

"Na hapa unafanya kazi na nani, Fundi?"

"Peke yangu. Dada yangu hupigilia misumari. Na mke wangu huyu huosha brashi."

Saluha alikuwa ameketi dirishani, brashi yenye rangi nyekundu mbichi mkononi, anamalizia tandiko la farasi. Hakuinua kichwa. Lakini mimi niliyekaa karibu niliona rangi ikidondoka tone moja juu ya meza, na yeye si mtu wa kudondosha rangi.

Rawdha alipotaka kumsimulia Fundi hadithi hizo moja moja, Fundi alitazama saa. Wenzake wa karata walikuwa wanamngoja. "Msimulie mke wangu," akasema. "Ataniambia jioni. Mimi nikishasikia, picha huja yenyewe."

Basi Rawdha akawa anakuja kila Alhamisi alasiri. Mimi nilichemsha chai ya mnanaa, yeye alisimulia, na wifi yangu aliosha brashi ambazo zilikuwa safi tayari.

Alituambia habari za mwanamke wa visiwa vya mbali, katikati ya bahari kubwa, ambaye mlima wenye moto ndio nyumba yake, na akikasirika mawe huyeyuka na kushuka hadi baharini.

"Huyo namjua," Saluha akasema. "Aliolewa na nani?"

"Aliwahi kupenda, lakini waligombana, akamfukuza bwana huyo mpaka majini."

"Nyekundu, basi. Endelea."

Alituambia habari za mama wa mbingu wa Misri ya kale, aliyeinama juu ya dunia, vidole vya mikono upande huu na vidole vya miguu upande ule, nyota tumboni. Kila magharibi hulimeza jua, kila asubuhi hulizaa upya.

"Kila siku anazaa?" nikauliza mimi.

"Kila siku."

"Na mgongo umepinda hivyohivyo," Saluha akasema. "Na anayeabudiwa ni jua." Akatikisa brashi kwenye maji, pole pole.

Alituambia pia habari za mwanamke wa jua wa Wajapani, ambaye kaka yake alimharibia kazi na kumvunjia heshima, akaingia pangoni akafunga mlango wa jiwe, dunia ikawa giza. Wenzake walicheza na kucheka nje ya pango mpaka akachungulia.

"Akatoka kwa kuchekeshwa tu?" Saluha akauliza.

"Alitaka kujua wanacheka nini."

"Mimi ningengoja waombe radhi kwanza. Lakini njano imepatikana."

Kulikuwa na mmoja ambaye Saluha alimkataa. Mwanamke wa nchi za Meksiko, mavazi meupe, anayezunguka kandokando ya mito akiwalilia watoto wake. Rawdha alimsimulia vizuri sana hata mimi nikafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Saluha akasema hapana. "Watoto wataingia maktaba asubuhi wamkute mwanamke analia? Wanaolia wamewaacha nyumbani. Niletee mweupe mwingine." Wiki iliyofuata Rawdha akamletea mwanamke wa theluji, anayepita bila kuacha unyayo. Theluji hatujaiona. Saluha alimchora kwa weupe wa chumvi ya ziwa kavu la kule Jerid, weupe unaouma macho, na nadhani hata mwenyewe wa theluji angeridhika.

Kijani alikuwa mama wa mto mmoja wa Brazili, nywele zake majani ya majini. Nyeusi tulikuwa naye nyumbani: zimwi la kike la hadithi za bibi zetu, anayesaga nafaka jangwani na matiti ameyatupia mabegani, na ukimwahi ukayanyonya kabla hajakuona, basi umekuwa mwanawe na hawezi kukula tena. Watoto wa Gabes humwogopa mpaka wanapokuwa wakubwa, kisha humtamani. Wa saba alikuwa bibi arusi wa mvua, ambaye majirani zetu wa milima ya Matmata humwita kila upinde wa mvua unapotokea. Ule upinde ni vazi lake la harusi. Huyo alivaa rangi zote.

Alhamisi ya mwisho, Rawdha akauliza, "Bi Saluha, anga la huyu wa mvua Fundi ataliweka rangi gani?"

"Kijivu cha njiwa. Rangi zisigombane na anga."

"Amekwambia?"

"Ataniambia."

Rawdha alizitazama kucha za wifi yangu, ambamo hina ya Shenini na bluu ya mbingu ya Misri zilikuwa zimechanganyika mpaka kwenye nyama. Akanywa chai yake, akasema kijivu cha njiwa kinafaa. Ndipo nilipoanza kumpenda yule binti.

Bulbaba alikuwa amekwisha kutia sahihi vioo vyote saba. Safari hii aliongeza pambo, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mkubwa mmoja wa mkoa atakuja siku ya ufunguzi kumvisha burnusi ya heshima, lile joho la sufu nyeupe. Alizungumzia burnusi hiyo nyumbani kila mlo. Aliizungumzia hata kwenye mlukhia, chakula kinachotaka utulivu.

Nami sikujua lolote mpaka siku ya kutia fremu. Saluha aliniletea kioo cha kwanza, nyuma yake nyekundu iliyokolea tu, kama kawaida. Nikakigeuza, nikakipiga kitambaa upande wa mbele, nikatazama.

Mwanamke wa mlima wa moto alikuwa amesimama wima, ananitazama mimi. Mkono wa kulia ameuinua, kiganja mbele, vidole vitano vimetanuliwa, kama tunavyofanya sisi kumrudishia mwenye husuda jicho lake. Na katikati ya kiganja, pale ambapo bibi arusi huwekewa ua la hina, kulikuwa na neno kwa rangi ya hina: Saluha.

Nikatazama pembeni, chini. Palikuwa na majivu ya mlima, basi. Jina la kaka yangu lilikuwa limefutwa kwa tapentaini tangu siku ya kwanza.

"Wifi," nikasema, "vingine pia?"

"Vyote saba."

"Hata yule aliyeinama?"

"Yule nimemwambia ainue mkono mmoja. Mbingu imeinama upande kidogo. Haitaanguka."

Nikakaa. Hasira ilinipanda, siifichi. Nikamwambia alikuwa ameniweka pabaya, kwamba yule ni ndugu yangu, tumbo moja, kwamba mji mzima utatucheka, kwamba angeweza kusema nyumbani kama watu wenye adabu. Nikamwambia pia kwamba kazi ya Baba si kitu cha kuchezea.

Saluha alinisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi. "Nyumbani nimesema," akajibu. "Nilimwambia, Baba Habiba, weka walau majina mawili. Akaniambia jina la pili litapunguza bei. Manubiya, mimi sikuombi. Mlango uko wazi, mkahawa uko hatua arobaini. Nenda ukamwambie kaka yako. Lakini vioo hivi sivichori tena, na jina lake siliweki tena mahali nilipoweka macho yangu."

"Na akikuacha?"

"Ataniacha na mikono yangu."

Neno hilo la mikono ndilo lililonimaliza. Siku Baba anakufa, mimi nilikuwepo. Haoni, pumzi inakatika, akasema, nileteeni mikono yangu. Bulbaba alimpa mkono wake. Baba akaupapasa, akausukuma kando bila ubaya, kama mtu aliyeokota kofia ya mwingine, akaendelea kutafuta hewani mpaka alipoupata mkono wa Saluha, akaushika hapo hapo hadi mwisho. Bulbaba alisema Baba alikuwa amechanganyikiwa. Na mimi nikaitikia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeitikia.

Nikachukua nyundo. Nikaweka kadibodi juu ya ule mwekundu wa mlima, nikapigilia msumari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Nikaendelea hivyo mpaka vioo vyote saba vilipofungwa. Jioni Bulbaba alipotaka kuviona, nilimwambia nimekwisha kuvifunga kwenye mablanketi kwa ajili ya vumbi, kaka, utaviona ukutani pamoja na wageni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya tangu utotoni, na sikujutia hata kidogo.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumapili asubuhi. Ukumbi ulijaa watoto, mama zao, wauza hina wa soko zima, na wale wenzake wanne wa karata wamekaa mstari wa mbele, wamenyoa. Burnusi ilikuwa imekunjwa juu ya kiti. Mkubwa wa mkoa alisoma karatasi yake: mkono hodari wa Bwana Bulbaba bin Farhat, fahari ya Gabes. Kaka yangu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kavishwa kilemba cha ukoka na bado anaona kinamkaa.

Rawdha akavuta vitambaa, kimoja baada ya kingine.

Wanawake saba walisimama ukutani, nyekundu, bluu, njano, nyeupe, kijani, nyeusi, na yule mwenye vazi la rangi zote, na kila mmoja ametuinulia vidole vitano. Akina mama ndio walioelewa kwanza. Mmoja aliziba mdomo kwa mtandio. Mwingine hakuziba, akacheka wazi.

Bulbaba alikuwa ameinama mbele ya picha ya kwanza, akitafuta pembeni, chini, pale alipozoea kujikuta. Akaenda kwa ya pili, akainama. Kwa ya tatu. Hakutazama juu hata mara moja.

"Fundi," Rawdha akasema kwa upole, "jina liko mkononi." Akawageukia watu, akasoma kwa sauti inayofika nyuma: "Saluha. Saluha. Saluha." Akasoma mara saba, hakuruka hata mmoja.

Kaka yangu alinyooka. Uso ulikuwa umemshuka. "Kuna makosa madogo," akamwambia yule mkubwa. "Mke wangu alisaidia kujaza rangi, basi akajiandika, wanawake mnawajua. Nitavichukua, nitakwangua, kesho vitarudi."

Saluha alitoka alikokuwa amesimama, nyuma, kati ya wauza hina. Alikuwa na mkoba wake wa kazi begani. Akatoa ule wembe tunaosafishia kingo, akamnyooshea, mpini mbele.

"Kwangua, Baba Habiba. Unajua njia. Anga kwanza, halafu ngozi. Ukilifikia jina langu, kiganja kimekwisha. Utawarudishia watoto wanawake saba vikono."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Miaka ishirini na miwili umenivisha aibu yako na nimeifua. Leo vaa mwenyewe." Akatoa kioo kitupu na brashi na kikopo cha rangi nyeusi, akaviweka juu ya meza ya kusomea ya watoto. "Au chora. Hiki hapa kioo, hii hapa brashi. Chora mwanamke mmoja tu, yeyote, rangi yoyote. Ukimaliza, nitafuta majina yangu yote saba."

Mmoja wa wale wa karata akasema, "Chora, Bulbaba, tumalize," na alisema kwa nia njema, maskini, kwa sababu aliamini.

Basi Bulbaba akakaa. Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Alichovya brashi, akaikamua kwenye ukingo wa kikopo, vizuri kabisa kama Baba alivyotufundisha. Akaishusha pembeni, chini. Na kinyumenyume, bila kutetemeka, herufi zimenyooka, mkia wa mwisho umepinda, akaandika: Bulbaba bin Farhat, fundi, Gabes.

Kisha brashi ikapanda mpaka katikati ya kioo, ikasimama hewani.

Ilikaa pale. Tone likakusanyika nchani. Alijua kwamba sasa inakuja mboni ya jicho. Hilo alilijua, alikuwa mwana wa fundi. Lakini mboni inakaa wapi, na mkono wa kulia ni upi, hakujua. Mimi niliumia. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mfereji wa shamba nilipokuwa na miaka mitano, na sasa amekaa kwenye kiti cha mtoto, shingo imeiva. Niliumia, na sikusogea kumsaidia.

"Mwanga humu ni mdogo," akasema hatimaye.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na ule ukumbi una madirisha toka sakafuni hadi darini.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuua zaidi. Akaweka brashi chini, akapita katikati ya watu, akatoka. Mkubwa wa mkoa alibaki na burnusi mikononi, anaitazama kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Saluha akamwokoa. Aliichukua, akaitia mabegani mwake mwenyewe, ikamfika kwenye vifundo na kuburuza nyuma.

"Ni kubwa," akasema. "Nitaipunguza."

Kisha akakifunga kile kioo chenye jina kwenye gazeti, akakitia mkobani.

Bulbaba alihamia chumbani kwangu, kule nyuma ya ua, siku tisa. Alikula kwangu, akanuna kwangu. Siku ya pili aliniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe uliviona wakati wa kufunga."

"Niliviona," nikamjibu. "Basi vua nguo, kaka. Lakini maliza kuskusi kwanza, itapoa."

Alidhani Saluha atakuja kumwomba arudi. Saluha hakuja. Alikuwa na kazi. Mama watatu waliokuwepo maktabani walikuwa wameagiza picha za mabinti zao, na wote watatu walisema jambo moja: mkono uinuliwe na jina liwepo. Kila asubuhi alijiandika mwenyewe kwanza, kwenye kiganja, kabla ya kope na kabla ya mboni. Nilimsikia mara moja akiimba wakati anaandika, na wifi yangu hana sauti nzuri, lakini nilimwacha.

Siku ya kumi Bulbaba alirudi dukani. Alisimama mlangoni kwa muda, kofia mkononi. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Aliziona brashi chafu kwenye kopo, akakunja mikono ya shati, akaanza kuziosha kwa maji ya moto. Aliosha vibaya, akiacha rangi kwenye mizizi ya nywele, na Saluha alizirudisha zote majini bila kumtazama. Akaosha tena.

Alipoinua kichwa ndipo alipokiona. Saluha alikuwa amekitundika kile kioo ukutani, juu ya meza ya kazi, bila fremu wala kadibodi. Pembeni, chini, kuna jina lake kwa mwandiko ule mzuri. Kwingine kote unaona chokaa ya ukuta.

Alikitazama mpaka maji yakapoa kwenye kopo.

"Kwa nini hujalifuta?" akauliza.

Saluha alikuwa anachora kope. Hakunyanyua mkono mpaka alipomaliza ya pili. "Picha haijaisha," akasema. "Nakungoja uimalize."

Mwaka wa nne sasa huu, na kioo kiko pale pale. Mimi hukipangusa vumbi kila Ijumaa.